Kuchagua Coaster ya kugeuza nyumba: shajara ya mradi, hatua ya kutafuta gari

Februari, mwanzoni

Naanza kuandika kabla sijanunua hata skrubu. Watu wengi wanaonyesha gari likiwa limeshaisha, kitanda kimetandikwa, sola juu, pazia za kitenge, ila hawasemi lile basi walilipataje na waliyakataa mangapi, wakati mi naona nusu ya mradi ipo hapo. Kitanda kikikosewa unabomoa unajenga kingine, basi likiwa limeoza unabaki nalo hilo hilo.

Tunachotaka ni basi dogo la kulala watu wanne, mimi, mama watoto na watoto wawili, tutoke Dar shule zikifungwa twende Iringa, Mbeya, Tukuyu, safari nyingine Lushoto na Pangani, bila kuhangaika na gesti kila jioni. Jiko la gesi ya mtungi, tanki la maji la lita 100, friji ndogo, kitanda kimoja cha kudumu na kingine cha kukunja, choo cha kubebeka. Sio nyumba ya kuishi mwaka mzima. Bajeti ya gari peke yake ni milioni 38, na hela ya bodi na ya ndani nimeiweka pembeni, haiguswi hata nikipendana na gari gani, hilo tumekubaliana mimi na mama watoto na ye ndo anaishika.

Hiace tumeitoa kwa sababu unapika ukiwa umepinda mgongo. Basi kubwa la mkoani nalo tumelitoa, mita 12 huwezi kuliingiza mtaani kwetu achilia mbali kupanda nalo zile kona za Lushoto.

Februari, katikati: Coaster, Civilian au Rosa

Kwa hapa kwetu ligi ya mabasi madogo ni ya hawa watatu, Toyota Coaster, Nissan Civilian na Mitsubishi Rosa.

Civilian nimeiheshimu sana baada ya kukaa na madereva wanaoiendesha. Ile yenye mashine ya TD42, cc 4169, ni ngumu kweli kweli, haina turbo, haina kompyuta, na ukikuta Isuzu Journey usiogope ni Civilian hiyo hiyo imebandikwa nembo nyingine. Rosa nayo ina 4D33, cc 4214, na kuna Rosa zilizotoka na 4WD, hiyo ilinipa mawazo usiku mzima maana napenda porini. Ila nilipozunguka maduka ya spea nikawa nauliza vitu vya bodi tu, sio vya injini, yaani kioo cha mbele, mpira wa dirisha, mkono wa mlango, taa ya nyuma, kwa Rosa na Civilian jibu lilikuwa "tuachie namba bosi tutakutafutia", kwa Coaster jamaa anainuka anakuletea kabla hujamaliza sentensi.

Sababu yake iko wazi. Coaster ya kizazi cha tatu ilianza 1993 ikatengenezwa mpaka mwisho wa 2016, zaidi ya miaka 20 umbo ni lile lile, na ndo imejaa kwenye daladala, mashule, hoteli, misiba na harusi nchi nzima. Ikiniharibikia Makambako kuna fundi anayeijua. Kwangu hilo lilimaliza mjadala, ni Coaster.

Halafu ndani ya Coaster kuna injini na injini. Iliyozoeleka na watu wote ni 1HZ, silinda sita, cc 4164, dizeli ya pampu ya kawaida, haina nguvu nyingi lakini inavumilia mafuta yetu. Ina taiming belti, ule mkanda unaoendesha valvu, inayotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na muuzaji akishindwa kukwambia ilibadilishwa lini hesabu gharama yake palepale. Ubaya wake ni joto, ikichemka mara moja vizuri silinda hedi inapasuka ufa katikati ya valvu, kwa hiyo kwenye 1HZ unakagua rejeta kwa makini kuliko kitu kingine. Kuna za 14B na 15B, silinda nne, hizo taiming yake ni ya gia hakuna belti ya kuwaza, ila kwa mtetemo na kelele si mchezo na sisi watoto watalala njiani. Kuna zenye turbo za 1HD, tamu sana mlimani. Na zile za karibuni zina N04C ya Hino, cc 4009, komoni reli, yaani dizeli inasukumwa kwa presha kubwa na kompyuta inaipima, mafuta inakula kidogo lakini nozeli zake hazitaki dizeli chafu hata kidogo na bei ya nozeli moja inakaa vibaya kwa mtu anayetaka kujaza mafuta kwenye vituo vya huko ndani ndani. Nimechagua 1HZ, na nitaenda polepole mlima wa Kitonga kama malori, sina haraka.

Mwisho wa Februari: gari lilikuwa linafanya kazi gani

Hapa nataka nikae kidogo.

Kila tangazo linaanza na mwaka wa gari. Mwaka haunisaidii sana. Kitu cha kwanza namuuliza muuzaji siku hizi ni hili gari lilikuwa linafanya kazi gani, na dalali asipojua naomba namba ya mwenye gari.

Daladala limebeba watu mara mbili ya viti vyake, limesimama na kuondoka kila mita mia tatu, mlango umegongwa siku nzima na konda, viti vimechomelewa upya vimesogezwa ili vikae vingi, na kila ajali ndogo imefunikwa kwa pati, ile lami ya kuziba mabonde ya bodi kabla ya rangi, usiku ili asubuhi gari iwe barabarani kuwahi hesabu ya tajiri. Sisemi madereva wabaya, ile kazi yenyewe ndo ilivyo. Basi la wafanyakazi, lile linalopeleka watu kiwandani asubuhi na kuwarudisha jioni, linatembea mara mbili kwa siku, dereva ni mmoja, sevisi inalipwa na kampuni na mara nyingi kuna daftari. Basi la shule linafanana na hilo ila ndani watoto wameshamaliza kila kitu, kwangu si tatizo kwa sababu ndani nang'oa vyote. Gari la hoteli au la watalii bodi inakuwa nzuri ila limekula vumbi na rafu za hifadhini, chini kunakuwa kumechoka.

Na kuna kuagiza moja kwa moja Japani. Nilikaa na rafiki yangu anayeagiza magari akanifundisha kusoma karatasi ya mnada: kwenye ule mchoro wa gari ukiona herufi S ni kutu, C ni kutu iliyoshaanza kula bati, W ni mahali palipotengenezwa, na gari zima likipewa R ujue liliwahi kugongwa likarudishiwa. Kuna Coaster za shule za chekechea za kule zimetembea kilomita chache mpaka unashangaa. Lakini uliza zimetokea mkoa gani, kaskazini kama Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, gari kwa juu linang'aa na chesesi, ile fremu ya chuma ya chini, imeliwa. Kwangu kuagiza kumekwama kwenye ushuru, gari likiwa na umri mkubwa kodi inapanda na bajeti yangu haifiki.

Machi, wiki ya kwanza: kusimama

Sasa hivi natembea na futi mfukoni. Nilidhani Coaster zote ukisimama unasimama, kumbe kuna za paa la kawaida na za paa la juu, na muuzaji hakwambii kwa sababu abiria anakaa.

Mimi nina sentimita 176 na shemeji yangu ambaye lazima atakuja kwenye safari ana 183. Ile ya kwanza niliyopima katikati ya njia kutoka sakafuni hadi darini ilikuwa 184. Unaona imetosha. Sasa toa unene wa plaiwudi ya sakafu utakayoweka, toa na wa sponji ya kuzuia joto kwenye dari na ubao wa juu yake, hapo umeshapoteza sentimita tano au sita na shemeji anagonga kichwa. Dari bila kizuia joto kwa jua la Dodoma au Moshi mchana huwezi kukaa humo, bati linapika. Kwa hiyo niliandika kabisa kwenye daftari kwamba chini ya 188 sitazami hata injini.

Urefu wa gari nao, kuna fupi ya mita 6.25 hivi na ndefu ya karibu mita 7. Fupi tairi ya mbele na ya nyuma zinaachana mita 3.2, ndefu 3.9. Fupi inakata kona vizuri, ila kitanda cha kudumu na choo na jiko vyote humo haviingii, nilichora kwa chaki kwenye sakafu ya sebuleni kwa vipimo halisi, watoto wakalala kwenye "kitanda" na mama watoto akasimama "jikoni", tukaona ndefu ndo yenyewe. Ubaya wa ndefu ni mkia, nyuma ya tairi kuna kama mita mbili zinaning'inia, ukishuka kwenye kivuko pale Pangani au kwenye korongo mkia unakwangua. Nimeshaamua tanki la maji na betri vitakaa katikati ya tairi za mbele na nyuma, nyuma kabisa kitanda tu na nguo.

Watu wananiuliza uzito. Coaster ya viti 29 ikijaa imebeba karibu tani mbili za watu, bado mizigo yao. Vitu vyangu vyote na maji ndani sidhani kama vinafika huko, uzito haunisumbui ila unavyopangwa kulia na kushoto ndo unanisumbua, jiko na friji na maji vikikaa upande mmoja gari linalala.

Machi, katikati: sumaku na bisibisi

Nimeangalia gari nyingi sasa, za Tegeta, Mbagala, Kibaha, moja Tanga. Utaratibu wangu umeshatulia nauandika hapa kwa anayetaka.

Naomba kwa simu gari lisiwashwe kabla sijafika. Nikifika nashika injini kwa mkono, ikiwa ya moto nauliza kwa nini. Injini ya baridi ndo inasema ukweli, moshi wa bluu ukiwasha ni oili, mweupe usioisha na maji yanapungua wasiwasi wa hedi. Nafungua mfuniko wa rejeta kabla ya kuwasha natafuta utelezi wa oili. Ikishawaka nachomoa kijiti cha oili naangalia kama inapumua moshi kupitia pale, ikipumua kwa fujo ringi zimekwisha.

Halafu nahamia kwenye bodi, na hapa ndo nakaa zaidi ya saa nzima. Nina sumaku ndogo nimeifunga kwenye kitambaa isikwangue rangi ya mtu. Naipitisha chini ya madirisha, kwenye kona za nyuma, juu ya matairi, kuzunguka kioo cha mbele. Ikinata ni bati, ikianguka ni pati. Kisha nalala chini na tochi na bisibisi, nasukuma taratibu kwenye ngazi ya mlango, kwenye sehemu bodi inapokaa juu ya chesesi, kwenye matao ya tairi za nyuma kwa ndani. Coaster ina chesesi kama lori na bodi imekaa juu yake, kwa hiyo vinaoza kila kimoja kwa wakati wake, unaweza kuta chesesi iko safi na nguzo za bodi hakuna kitu. Na kwenye paa lazima upande, ile mifereji ya maji pembeni ikitoboka maji yanashuka ndani ya ukuta na ukishaweka mbao zako hutayaona mpaka ziote ukungu.

Ile ya Tanga ilikuwa nzuri mno kwa macho. Rangi mpya, tairi mpya, viti vimevalishwa. Sumaku ilianguka kuanzia mlangoni mpaka nyuma. Gari la pwani miaka yote, hewa ya chumvi, upande mzima umejengwa kwa pati na mtu akapuliza rangi juu. Injini yake ilikuwa nzima na inawaka mara moja, na fundi wangu wa injini akasema chukua. Fundi bodi, mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani hapa Dar ambaye amekata na kuunga mabasi maisha yake yote, nikamtumia picha, akanipigia: "Mwanangu, injini inauzwa hapa nje ya karakana yangu, unabeba kwa mkokoteni. Bodi ya kuuzwa mi sijaiona."

Hilo sasa ndo naliamini kuliko ushauri wote nilioupata. Kwa daladala injini ni mkate, bodi hata ikichakaa abiria anapanda. Kwangu ni kinyume, nitatembea kilomita chache kwa mwaka, lakini nitatoboa paa, nitachomelea fremu, nitafunga makabati kwenye kuta, watoto wangu watalala humo mvua inanyesha. Nanunua bodi na chesesi, injini ni kitu kinachokuja nacho.

Baada ya hapo nikaacha kutafuta pwani.

Aprili: Dodoma

Ilipatikana Dodoma, Coaster ndefu, paa la juu, 1HZ, gia ya mkono, ilikuwa ya kubeba wafanyakazi wa kampuni moja na imeishi huko huko bara kukavu tangu iingie nchini. Nje inatia huruma, rangi imepauka na jua, mipira ya madirisha imekakamaa inapasuka ukiigusa, upande wa kushoto umebonyea. Lakini sumaku ilinata kila mahali isipokuwa kiraka kimoja kwenye kona ya nyuma kikubwa kama sahani, na bisibisi haikuingia popote. Dari nilipima 190.

Injini imechoka. Inapumua kwenye kijiti, oili inakula, na dereva wake, mtu mwungwana sana, alisema mwenyewe kabla sijauliza kwamba wanaongeza lita kati ya sevisi na sevisi. Daftari la sevisi lipo, belti imebadilishwa na tarehe imeandikwa, rejeta ilizibuliwa na haijawahi kuchemka. Mwenye gari alitaka milioni 36, tukakaa, chai, maongezi, nikamuonyesha daftari langu la gharama za ringi, metali na gasketi, tukamalizana kwenye 31. Hiyo tofauti na bajeti ndo hela ya injini, ama kuifungua hii au kununua ya mtumba Gerezani. Mpaka sasa naelekea kuifungua hii, kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi na ukibadili injini lazima ukabadilishe na kadi.

Kabla ya kulipa tuliangalia namba ya chesesi kwenye chuma chenyewe na kwenye kadi, tukaangalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, mkataba tukaandikishiana kwa wakili. Fanyeni hivyo hata kama mnauziana ndugu.

Nimeliendesha mwenyewe mpaka Dar, kilomita 450 hivi, kwa mwendo wa 70. Milima ya Gairo geji ya joto haikusogea. Oili ilishuka kama dereva alivyosema.

Mei: kadi na umeme

Gari lilikuwa la biashara, namba nyeupe. Nimeomba TRA libadilishwe matumizi liwe binafsi, namba ya njano, na umiliki uje kwa jina langu. Nashauri hili lifanyike kabla ya kung'oa viti maana kadi inataja idadi ya viti na kazi ya gari, na askari barabarani anasoma kadi.

Kitu kingine kilichonifurahisha, hizi Coaster za dizeli umeme wake ni wa volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Mwanzoni niliona usumbufu kwa sababu taa na feni nyingi za magari ni za 12. Fundi umeme akanipigia hesabu, mzigo wa wati 1000 kwenye volti 12 unavuta ampea kama 83, kwenye 24 unavuta kama 42, nusu yake, kwa hiyo waya unakuwa mwembamba na haupati moto na kwenye basi la mita saba waya ni mwingi. Sola, invata na friji tutachukua vya 24, vile vidogo vya 12 vitapata kibadilishi chake kimoja. Betri za nyumba zitatengwa na za gari, nisije nikaamka Ruaha gari haliwaki kwa sababu ya friji.

Mei, mwishoni: viti vimetoka

Wikiendi hii tumeng'oa viti, mimi, shemeji na vijana wawili wa mtaani. Bolti nyingine zilikataa tukazikata kwa grainda. Viti vizima nimemuuzia mwenye basi la shule, hela imerudi kidogo. Chini ya lino plaiwudi ilikuwa imeoza kwenye ngazi ya mlango tu, na chuma chini yake kina kutu ya juu juu, tumekwangua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa na tumeshapaka rangi ya kuzuia kutu koti la kwanza. Fundi bodi alikuja Jumapili, akatembea ndani akigonga gonga kwa funguo ya spana, akalala chini, akapanda juu. Kazi aliyoandika ni kukata kile kiraka cha nyuma na kuweka bati jipya, mipira yote ya madirisha, na kuziba matundu ya bolti za viti. Madirisha mawili ya nyuma upande wa kulia tunayafunga kwa bati kwa ajili ya choo na kabati, mengine yote yanabaki, upepo wa bure siutoi.

Anaanza kukata Jumatatu. Picha za kona ya nyuma kabla na baada nitaweka.